Le lo doy? Hapana, sema se lo doy

Kila anayejifunza Kihispania kuna siku lazima akwame hapa. Ameshajua le doy el libro ni nampa kitabu, ameshajua lo doy ni nakitoa, basi anajumlisha mwenyewe kichwani ili aseme nampa hicho, le lo doy, na mwalimu anamkata palepale, sema se lo doy. Hiyo se imetoka wapi jamani? Zamani walikuwa wanasema gelo, baadaye matamshi yakageuka ikawa se lo, na mpaka leo le haikai mbele ya lo.

Hivi vijineno, le, lo, se na wenzao, wataalamu tunaviita klitiki. Haviwezi kusimama peke yake, kama -ki- yetu tu, ukiulizwa umeona nini huwezi kujibu "ki". Lo na le zimetokana na ille ya Kilatini, yaani yule, neno kamili kabisa ambalo limechakaa hadi likaanza kuegemea kitenzi.

Sasa vikae upande gani wa kitenzi, hiyo ni kazi ya sintaksia, yaani kanuni za kupanga maneno kwenye sentensi. Kwa Kihispania ukiamuru unasema dámelo (nipe hicho), ukikataza no me lo des (usinipe hicho), vimehamia mbele. Wareno wa Ureno wanasema vejo-te (nakuona), wakikanusha não te vejo, na kwenye maandishi rasmi utakuta dar-te-ei, te imekaa katikati ya kitenzi kama -ku- ya nitakupa.

Ila vyenyewe kwa vyenyewe vinapangana vipi, hapo sintaksia inanyoosha mikono. Mfaransa anasema il me le donne, ananipa hicho, anayepewa katangulia, halafu akimpa mtu mwingine ni il le lui donne, anampa hicho, anayepewa kawa wa mwisho! Maana ni ileile, kilichobadilika ni nafsi tu, kwa hiyo huo mpangilio ni wa mofolojia, yaani umbo la neno lenyewe, unaukariri kama unavyokariri ngeli. Na wenzetu angalau wanabeba viwili, sisi -m- ikishaingia kwenye nimempa basi, nimekimpa hakuna.

Mimi ninayoipenda zaidi ni ya mtaani. Ukiamuru watu wengi Kihispania sanifu ni dénmelo (nipeni hicho), n ya wingi imeganda kwenye kitenzi, lakini kuna wanaosema démelon, n imeruka klitiki zote mbili ikaenda kukaa mwisho kabisa, walimu wanaisahihisha kila siku na watu hawaachi, wakati sisi nipeni tunaisema hivyohivyo, -ni mwishoni, na hakuna anayetusahihisha.