PF3 ni nini, na kwa nini kesi za vipigo vya nyumbani huishia njiani

Ukifika mapokezi ya hospitali Dar es Salaam ukiwa umepigwa, mara nyingi kabla hujaulizwa unaumwa wapi utaulizwa: "PF3 unayo?" Ni fomu namba tatu ya polisi. Askari anajaza sehemu yake na kugonga muhuri, majeruhi anaipeleka kwa daktari, daktari anaandika alichokiona, kisha karatasi inarudi kituoni. Wanapewa waliogongwa na bodaboda, waliochomwa kisu baa, na mke aliyepigwa na mumewe. Ni bure, hata ukiambiwa fotokopi imeisha.

Wengi wanaichukulia kama kibali cha kutibiwa, kumbe kazi yake kubwa ni ushahidi. Daktari anaeleza jeraha liko wapi, lina siku ngapi, limetokana na kitu butu au chenye ncha kali, na madhara yake ni makubwa kiasi gani. Uzito wa kosa unaanzia hapo: shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili, au kujeruhi vibaya. Jicho lililovimba leo, baada ya wiki mbili limerudi kama lilivyokuwa. Hakimu hatauona uvimbe, ataiona karatasi.

Sasa mfuate mama lishe mmoja wa Mbagala. Nimemtunga, ila wakazi wa huko watamtambua. Kapigwa Jumamosi usiku. Alfajiri yuko kituoni, khanga ameivuta mpaka usoni. Afande wa kaunta hata kitabu hajakifungua: "Mama, mmeshakaa na wazee?" Kauliza kwa upole kabisa, pengine kwa nia njema, na kwa swali hilo shauri limeshatoka mikononi mwa polisi. Anarudi kwa mjumbe, kikao kinapangwa Jumatano, mashemeji wanajaa sebuleni, mume anaomba radhi, soda zinanywewa. Miezi mitatu baadaye anapigwa tena, na safari hii anapata RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha kituo, na PF3. Lakini lile jicho la Jumamosi halimo kwenye karatasi yoyote. Kwa mujibu wa jalada, hiki ndicho kipigo cha kwanza.

Madawati ya Jinsia na Watoto, yanayopokea malalamiko ya ukatili, yalianzishwa vituoni kwa sababu ya kaunta za namna hiyo. Vipo pia vituo vya mkono kwa mkono, kama cha hospitali ya Amana, Ilala, ambako daktari, polisi na mshauri wanapatikana mahali pamoja. Aliyefika huko ana nafuu. Shida ni kwamba wengi wanaanzia kaunta, tena usiku.

Sheria yenyewe ina pengo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, ila adhabu hakikuitaja. Sheria maalumu ya ukatili wa majumbani Tanzania haina. Hivyo mume anashtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu, sawa na walevi wawili waliopigana kilabuni, kana kwamba jioni kila mmoja atarudi kwake.

Kisha njoo mahakamani. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, mwanamke ni shahidi tu, lakini ndiye anayeandamwa na ukoo mzima "akaifute". Na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kuhimiza mapatano katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi. Ndiyo maana mwandiko wa daktari una uzito: akiandika "michubuko" kwa haraka, bila kuutaja ubavu uliopasuka, kesi inateremka mpaka ngazi ya kupatanishwa, na kikao cha Jumatano kinahamia mbele ya hakimu.

Hata PF3 iliyojazwa vizuri inaweza kuanguka. Mshtakiwa lazima aelezwe kuwa ana haki ya kutaka daktari aitwe ahojiwe, na fomu ikishapokelewa lazima isomwe kwa sauti mahakamani. Lolote kati ya hayo likisahauliwa, rufaa inaiondoa fomu kwenye kumbukumbu. Mahakama ya Rufani imefanya hivyo mara nyingi. Kosa si la mwanamke, ila anayebaki na mdomo mtupu ni yeye. Ni kweli maneno yake yanaweza kutosha kumtia mtu hatiani hakimu akiyaamini, lakini wakati huo bado analala chumba kimoja na anayemtolea ushahidi.

Kwa hiyo ukimsindikiza jirani au dada yako, kabla fomu haijarudi kituoni ipige picha pande zote mbili. Na mwombe daktari jina lake aliandike lisomeke, maana akiitwa mahakamani mwakani huenda ameshahamishiwa mkoa mwingine.