Kwa nini bastola ndogo hupiga teke kali kuliko kubwa?

Swali hili nililijibu vibaya kwa mkono kabla sijalijibu vibaya kwa mdomo. Siku yangu ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha niliwekewa mezani bastola mbili zinazotumia risasi ya aina moja, ile ya milimita 9. Moja ilikuwa ya chuma tupu, ndefu, nzito kama kilo moja. Ya pili ilikuwa fupi, mpini wake wa plastiki, uzito wake nusu ya mwenzake, na ukiifunika kwa viganja viwili haionekani. Nikaichukua hiyo ndogo bila kusita.

"Una uhakika?" mwalimu akauliza.

"Nianze na ya saizi yangu, mwalimu."

Hakubishana. Akanihesabia risasi tano, akarudi hatua moja nyuma. Baada ya risasi ya pili nilikuwa naangalia kiganja changu kana kwamba kimechapwa rula. Ya tatu ilitoboa ukingo wa chini wa karatasi. Ya nne na ya tano sijui ziliishia wapi. Kisha akanipa ile nzito, risasi zilezile kutoka kwenye boksi lilelile, nayo ikanisukuma taratibu kama mtu anayekuomba umpishe njia.

Kumbe dhana yangu wanayo watu wengi sana, na hasa wale wanaonunua bastola yao ya kwanza: chombo kidogo, teke dogo, kwa hiyo kinamfaa anayeanza. Ukweli umekaa kinyume kabisa.

Dhana hiyo haikuzuka hewani lakini. Kuna wakati ilikuwa sahihi. Mwaka 1906 kiwanda cha FN cha Ubelgiji kilianza kuuza bastola ya mfukoni iliyobuniwa na Mmarekani John Browning, yenye uzito usiofika gramu 400. Ilitumia risasi ya milimita 6.35, ambayo kichwa chake kina gramu 3 na ushee tu na hutoka kwa mwendo mdogo kwa bastola. Ukipiga hesabu, teke lake halifiki hata jouli moja (jouli ni kipimo cha nishati). Enzi hizo udogo wa bastola uliendana na udogo wa risasi, na mtu aliyesema "ndogo haiumizi" alikuwa anasema kweli. Kilichobadilika baadaye ni kwamba wabunifu walijifunza kuibana risasi kamili ya milimita 9, ile iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya bastola kubwa za kijeshi, ndani ya bastola ya mfukoni. Umbo likabaki la kitoto, risasi ikawa ya mtu mzima. Macho yetu bado yanasoma umbo.

Sasa teke lenyewe linatoka wapi? Baruti ikiwaka ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, gesi yake husukuma pande zote. Mbele inasukuma kichwa cha risasi, nyuma inasukuma bastola. Misukumo hiyo miwili ni sawa, kama Isaac Newton alivyoandika mwaka 1687. Hakuna bastola inayoweza kukwepa deni hili.

Fikiria umesimama kwenye mtumbwi mdogo, mwepesi, kisha unaruka kwenda ufukweni. Wewe unakwenda mbele, mtumbwi unachomoka nyuma, na usipoangalia unaangukia majini. Rudia mruko huohuo, kwa kasi ileile, ukitokea kwenye jahazi lililopakia mzigo. Miguu yako imesukuma vilevile, ila jahazi limesogea kidogo mno hata hukuona. Deni ni lilelile. Mmoja amelilipa kwa kasi, mwingine kwa uzito. Katika bastola, wewe unayeruka ni risasi, na chombo ulichokiacha ni bastola.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema: kama msukumo ni uleule, mkono si utahisi kilekile? Hapa ndipo na mimi nilikwama kwa muda mrefu. Turudi majini. Weka mtu nyuma ya chombo, akipokee kwa viganja na kukisimamisha kabla mikono yake haijakunjika yote. Jahazi linamjia polepole. Anaegemea tu na linatulia. Mtumbwi mwepesi unamjia mbio. Akitaka kuusimamisha ndani ya umbali uleule wa mikono yake, inabidi atumie nguvu nyingi zaidi, tena kwa muda mfupi zaidi. Huyo anayepokea ni kiganja chako.

Kwa namba ni hivi. Kichwa cha risasi ya kawaida ya milimita 9 kina gramu 8 hivi na hutoka kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Baruti haifiki nusu gramu, lakini gesi yake hutoka kwa kasi kuliko risasi yenyewe, kwa hiyo huchangia kama sehemu moja kati ya nane ya msukumo wote. Jumlisha, kisha gawanya kwa uzito wa bastola. Bastola ya kilo moja itarudi nyuma kwa kasi ya mita 3.2 kwa sekunde. Ya nusu kilo itarudi kwa mita 6.4. Nishati hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ile kubwa inakuletea jouli 5 na ndogo jouli 10. Jouli 10 ni kama kitu cha kilo moja kukudondokea kiganjani kutoka urefu wa mita moja. Jouli 5 ni kitu hichohicho kutoka nusu mita.

Nikiri kwamba hesabu hii imenyooka mno. Mtutu mfupi hupunguza kasi ya risasi, hivyo namba ya bastola ndogo hushuka kidogo, ila haishuki kiasi cha kufidia nusu kilo iliyokosekana. Pia "teke" ambalo watu hulisimulia si jouli peke yake. Umbo la mpini, upana wa sehemu inayogusa kiganja, hata glovu, vyote hubadilisha simulizi, na watu wawili wanaweza kufyatua bastola moja wakatoka na hukumu mbili tofauti.

Na kabla sijaiacha fizikia hii: ndiyo inayoumbua zile filamu ambamo mtu akipigwa risasi ya bastola anarushwa hadi ukutani. Kama risasi ingeweza kumrusha aliyepigwa, ingemrusha na aliyefyatua, kwa kuwa msukumo ni mmoja. Mtu wa kilo 70 akibeba msukumo wote huo anapata kasi isiyofika sentimita 5 kwa sekunde. Kobe humpita.

Kuna jambo la pili, nalo ni kwamba bastola hairudi nyuma tu, inainuka pia. Mtutu upo juu ya kiganja, si sawasawa nacho, kwa hiyo msukumo unaopita kwenye mtutu unaizungusha bastola kuuzunguka mkono. Bastola ndefu na nzito ni mvivu wa kuzunguka. Shika mti mrefu katikati na ujaribu kuuzungusha kwa kifundo cha mkono, halafu fanya hivyo kwa kipande cha shibiri moja, utaelewa mara moja. Juu ya hayo, mpini wa bastola ndogo mara nyingi ni mfupi kiasi kwamba kidole cha mwisho kinabaki kuning'inia hewani. Kidole hicho kinaonekana cha bure, lakini ndicho kilicho chini kabisa, mahali penye nafasi nzuri ya kuuzuia mtutu usipande.

Orodha ya vituko bado haijaisha. Bastola ndogo pia ni ngumu kuikoki, yaani kuivuta slaidi ili risasi iingie kwenye chemba. Slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kutupa ganda na kuchukua risasi mpya, katika bastola kubwa ni kizito na kina njia ndefu ya kusafiri, kwa hiyo springi yake inaweza kuwa laini. Katika ndogo slaidi ni nyepesi na njia ni fupi. Kazi yote ya kuipunguza kasi ya slaidi inabaki kwa springi, nayo inalazimika kuwa kali. Ndiyo maana utamwona mtu anakoki bastola kubwa kwa urahisi kisha anahangaika na ile inayotosha mfukoni, akidhani ina kutu. Dawa yake ni kuubana mkono ulioshika slaidi usitembee, kisha kuusukuma mpini mbele kwa mkono mwingine kwa nguvu ya bega. Ila mtutu mfupi hugeuka kirahisi, na anayehangaika kukoki hujikuta ameuelekeza kwa jirani yake bila kujua. Walimu hupigia kelele jambo hili kuliko shabaha yenyewe, na wana haki.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Walther PPK, bastola ya Kijerumani ya tangu mwaka 1931. Risasi yake ni dhaifu kuliko ile ya Luger, lakini wengi waliozipiga zote watakwambia PPK inauma zaidi kuliko bastola nyingi za milimita 9 zinazokaribiana nayo kwa umbo. Sababu ni kwamba mtutu wake umefungwa moja kwa moja kwenye fremu, na slaidi haikamatani nao kwa kufuli lolote. Inazuiwa na uzito wake na springi tu. Katika bastola nyingi za kisasa mtutu na slaidi huanza kurudi pamoja, vikiwa vimeshikana, kisha mtutu huinama na kuachia. Hatua hiyo ya ziada huchelewesha mambo na kulitandaza teke. Kwenye PPK hakuna ucheleweshaji. Slaidi inakujia na haraka zake zote.

Turudi kwenye zile risasi zangu zilizopotea, maana huko nako nilikuwa na jibu tayari, na nalo halikuwa sahihi. Nilisema teke ndilo lililoipotosha risasi. Mwalimu akatikisa kichwa. Risasi hupita kwenye mtutu wa sentimita 8 ndani ya muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo slaidi huwa imesogea milimita chache tu. Mkono wa binadamu huhitaji kama sehemu moja ya tano ya sekunde kuitikia chochote. Kwa maneno mengine, wakati unahisi teke, risasi imeshafika kwenye karatasi. Tena, kama teke ndilo lingekuwa na kosa, risasi zingekwenda juu. Zangu zilikwenda chini.

Akachukua magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, akageuka nisione, akachanganya risasi za kweli na bandia, zile za mazoezi zisizo na baruti. "Piga," akasema. Ya kwanza ikalia. Ya pili ilikuwa bandia: bastola ikasema "ta" tu, na mbele ya macho yangu mtutu ukainama kama mtu anayeitikia salamu. Hakukuwa na mlio wala teke. Nilikuwa nausukuma chini mimi mwenyewe, nikipambana na teke ambalo bado halijafika. Bastola ndogo inafundisha tabia hii haraka kuliko kubwa, kwa kuwa inaumiza, na pia kwa kuwa mtutu mfupi humwaga sehemu ya moto na mshindo nje karibu na uso wako. Sikio nalo hujifunza kuogopa, ndiyo maana viziba masikio husaidia hata shabaha.

Kwa hiyo aliyekwisha kupata leseni na kabastola kake kapya hana haja ya kukarudisha. Ila walimu wengi humwanzisha kwenye bastola ya saizi kamili, mara nyingi ya .22 (kipenyo cha risasi kwa inchi), ambayo risasi yake ina gramu 2.6 hivi na inasukuma kama robo tu ya milimita 9. Akirudi kwenye ile yake, anapewa risasi chache kwa siku, kumi au ishirini hivi, aache kabla kiganja hakijaanza kuhesabu mapigo.

Mengine hufanywa bila risasi kabisa. Magazini inatolewa kwanza, ndipo slaidi inavutwa na chemba inaangaliwa kwa jicho na kwa kidole. Mpangilio huo hauna mjadala: ukikoki kwanza halafu ndipo utoe magazini, risasi moja imeshaingia kwenye chemba na imebaki humo, na bastola "tupu" ya namna hiyo imeua watu. Risasi zote zinawekwa chumba kingine, mtutu unaelekezwa mahali salama, kisha mwalimu anaweka sarafu juu ya slaidi, karibu na mdomo wa mtutu. Unakaza triga polepole mpaka isikike "ta". Sarafu isianguke. Yangu ilianguka mara kumi na moja mfululizo.