Choo kipo, mbona kuhara hakuishi? Maswali na majibu

Mvua zikinyesha mfululizo, maswali haya huwafikia sana wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, hasa kwenye nyumba za kupanga za Kampala kama Bwaise na Kisenyi.

Kwetu choo kipo na hakuna anayejisaidia vichakani. Mbona watoto wanahara kila mara?

Choo kinazuia maradhi pale tu kinyesi kinapobaki ndani yake. Kinyesi cha mgonjwa hubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, homa ya ini aina ya A na E, polio, na mayai ya minyoo juu ya hayo. Mtu huambukizwa vinapofika mdomoni mwake, na njia za kufika huko ni nyingi: shimo lisilo na mfuniko linaloalika nzi, tope la mlangoni linaloingia nyumbani na ndala, mkono usionawa unaokanda chapati. Kwa kuhara damu, vijidudu kati ya 10 na 100 vinaweza kutosha kumwangusha mtu. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, kwa hiyo usiuamini mkono kwa kuwa tu unaonekana safi.

Tena kagueni choo chenyewe. Choo cha wapangaji wote mara nyingi hakina mwenyewe: kila mmoja anamsubiri jirani akioshe, mpaka watoto wanaogopa kuingia na wanachuchumaa nyuma ya nyumba. Kaeni na mwenye nyumba mpange zamu za usafi, na kila kikundi cha kaya chache kiwe na ufunguo wa mlango wake. Pasipo makubaliano hayo, hata choo cha vigae huharibika.

Mama mkwe anasema kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa sababu ananyonya tu. Ni kweli?

Si kweli, na naomba umweleze kwa upole, maana wengi tumelelewa hivyo. Watoto wadogo ndio wanaougua kuhara zaidi, hivyo kinyesi chao kinaweza kuwa na vijidudu tele. Kitupe chooni. Maji ya kusuuzia poti na nepi nayo yaende chooni, yasimwagwe uani wala mtaroni, kwa sababu hapo ndipo mtoto mwingine anatambaa. Kisha mwoshe mtoto, halafu unawe mikono kwa sabuni. Nepi za kutupa usizitumbukize shimoni kwani hazimeng'enyuki na zitalijaza mapema. Kung'uta kilichomo chooni, ifunge, uiweke kwenye takataka.

Sisi tunachamba kwa maji na kunawa mkono wa kushoto palepale. Haitoshi?

Kujisafisha kwa maji ni jambo jema. Lakini maji matupu hayaondoi uchafu ulioshika kwenye ngozi na chini ya kucha, na kopo lenyewe limeshikwa na kila aliyeingia kabla yako. Nawa mikono yote miwili kwa sabuni ukitoka, na sabuni ikikosekana tumia majivu. Tundika kibuyu chirizi karibu na mlango: jerikeni ndogo yenye tundu, kamba, na kijiti cha kukanyaga, ili mkono mchafu usiguse chombo cha maji. Vilevile mezani, acheni kuchovya mikono wote katika beseni moja kabla ya kula. Mmoja amwage maji kwa jagi, wengine wanawe.

Maji ya chemchemi yetu ni meupe na yanatoka kwenye bomba lililojengewa saruji. Bado niyachemshe?

Yachemshe. Saruji na bomba vinazuia tope na wanyama, ila haviwezi kuzuia kinachopenya ardhini kutoka vyoo vya shimo vya mlimani juu yake. Mwaka 2015 mlipuko mkubwa wa homa ya matumbo uliikumba Kampala, na uchunguzi ulielekeza kwenye maji machafu ya kunywa na juisi zilizouzwa mjini.

Ndiyo maana shimo la choo linatakiwa liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na lisiwe upande wa juu wake. Bwaise ni tatizo kwa sababu ukichimba kidogo tu unakuta maji. Hapo choo kijengwe kimeinuliwa, chenye tangi lisilovuja, na kikijaa kinyonywe na gari au kwa pampu ya mkono, uchafu upelekwe kwenye mtambo wa kusafisha majitaka kama ule wa Lubigi, Kampala. Kufungulia choo wakati wa mvua ili mafuriko yakisafishe ni kumpelekea jirani ugonjwa. Mwaka 2021 virusi vya polio viligunduliwa katika majitaka ya Lubigi na Bugolobi, na Januari 2022 watoto wa chini ya miaka 5 wa nchi nzima wakapewa chanjo.

Tuko kando ya ziwa, mchanga unabomoa shimo. Tufanye nini?

Lijengeeni kwa matofali ya kuchoma au mapipa, au inueni choo. Msijisaidie ziwani mnapoteka maji. Februari 2018 kipindupindu kililipuka Hoima, miongoni mwa wakimbizi waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri, Congo, na kupokewa katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali.

Nimwage dawa ya klorini shimoni?

Hapana, itaua vijidudu vinavyoozesha kinyesi. Ioshee sakafu na kiti. Shimoni nyunyiza majivu, yanapunguza harufu na nzi.

Mtoto ameshaanza kuhara. Nianzie wapi?

Maji mwilini kwanza. Mpe ORS ya pakiti, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganywa na maji. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, na umpe kidogo kidogo kila anapohara. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mwombe VHT au kituo cha afya vidonge vya zinki, umpe mpaka siku 10 hadi 14 zitimie hata akiacha kuhara.

Usisubiri nyumbani ukiona damu, macho yaliyozama, ulegevu, au mtoto anashindwa kunywa. Anayehara maji kama ya kuoshea mchele, mtoto au mkubwa, akimbizwe kituoni usiku huohuo, kwa sababu kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache. Mwenye kumhudumia anawe kwa sabuni kila baada ya kumshika, na shuka za mgonjwa zisifuliwe mtoni wala kwenye chemchemi.