Je, wajua kwa nini wanakijiji wa enzi ya Wachola walimpa mtoto kazi ya kuchagua viongozi?

Tukisema "kupiga kura" siku hizi tunawaza foleni, kitambulisho na wino kidoleni. Lakini neno kura lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kuteua kwa bahati, kama watoto wafanyavyo wakitaka kujua nani aanze mchezo. Kuna kijiji kusini mwa India ambako, miaka 1,100 iliyopita, viongozi walipatikana kwa kura ya namna hiyohiyo ya kale: majina ndani ya chungu, na mkono wa mtoto ukiingia kuyatoa.

Kijiji hicho ni Uttiramerur, katika jimbo la Tamil Nadu. Wenyewe waliuita utaratibu huo kudavolai, neno la Kitamil linalounganisha chungu na jani, kwa sababu majina yaliandikwa kwenye vipande vya majani ya mvumo. Nasi tunaujua kwa undani kwa sababu waliuchonga kwenye kuta za mawe za hekalu, mara mbili, karibu mwaka 919 na tena karibu mwaka 921. Aliyekuwa akitawala ni Parantaka wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Chola.

Wachola walikuwa wafalme wa Kihindu waliotokea kwenye bonde la mto Kaveri, nchi ya mpunga. Katikati ya karne ya 9 mmoja wao, Vijayalaya, aliuteka mji wa Thanjavur, na kuanzia hapo ukoo huo ukakua hadi ulipozimika mwaka 1279. Wengi wakiwataja humtaja Rajaraja wa Kwanza, aliyejenga pale Thanjavur hekalu kubwa la mungu Shiva lililokamilika mwaka 1010, au mwanawe Rajendra, aliyevusha jeshi baharini mwaka 1025 kuipiga dola ya Srivijaya huko Sumatra na rasi ya Malay. Hayo ni makubwa kweli. Mimi lakini huvutiwa zaidi na kile chungu.

Siku ya uteuzi ilikwenda hivi. Kijiji kilikuwa na mitaa 30. Kila mtaa uliandika majina ya watu wake wanaostahili, jina moja kwenye jani moja, kisha majani ya mtaa huo yakafungwa pamoja kama kifurushi na kuwekewa alama ya mtaa. Vifurushi vyote 30 vikatiwa chunguni. Baraza zima likakusanyika, wadogo kwa wakubwa, na makuhani wote waliokuwamo kijijini siku hiyo wakaketi ndani ya ukumbi, asikosekane hata mmoja. Kuhani mzee kuliko wote akasimama, akakiinua chungu juu ili kila mtu akione.

Hapo ndipo akaitwa mtoto asiyejua kilichomo. Akachomoa kifurushi kimoja, majani yake yakafunguliwa na kumwagwa kwenye chungu kingine kitupu, yakatikiswa yachanganyike, kisha mtoto akatoa jani moja tu. Alimkabidhi mpatanishi wa baraza. Maandishi yanaeleza hata mkono wa huyo mpatanishi unavyotakiwa uwe: alipokee jani kwenye kiganja, vidole vyote vitano vikiwa vimekunjuliwa. Nikisoma kipengele hicho huwa namwona mtu aliyekwisha kuona jani likibadilishwa kwa ujanja wa vidole, akasema safari hii haitatokea. Mpatanishi akalisoma jina kwa sauti. Makuhani wote nao wakalisoma. Ndipo likaandikwa. Kazi ikarudiwa mtaa kwa mtaa mpaka wapatikane watu 30 wa kuunda kamati za kijiji.

Sasa, kwa nini bahati? Je, hawakuogopa kumpata mjinga au mwizi?

Jibu liko kwenye kazi iliyofanyika kabla ya chungu kuletwa. Si kila jina liliruhusiwa kuandikwa. Mtu alipaswa kuwa na shamba lake linalolipiwa kodi, lisilopungua kama ekari moja na nusu, na nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja chake mwenyewe. Awe amesoma maandiko matakatifu na anaweza kuyafundisha. Mwenye elimu kubwa zaidi alikubaliwa hata kwa nusu ya shamba hilo, jambo linaloonyesha kwamba elimu ilihesabiwa kama mali. Maandishi ya kwanza yalitaka umri wa miaka 30 hadi 60, ya pili yakasogeza kuwa 35 hadi 70. Nayo mali iwe ya halali, na aliyewahi kuiba cha mtu akawekwa kando. Kwa hiyo bahati ilichagua kati ya watu ambao kijiji kilikuwa tayari kimewachuja, na kwa kuwa hakuna aliyejua jani gani litatoka, hapakuwa na sababu ya kuhonga mtu wala kupanga kambi.

Kipengele kizito kuliko vyote, kwangu, kinahusu hesabu. Aliyewahi kukaa kwenye kamati yoyote akaondoka bila kutoa hesabu hakuruhusiwa tena. Wala hawakuishia kwake. Waliandika na ndugu zake, mmoja baada ya mwingine: watoto wa mama mdogo na mama mkubwa, watoto wa shangazi na wa mjomba, mjomba mwenyewe, ndugu wa baba, ndugu wa tumbo moja, baba mkwe, shemeji, mume wa dada, mwana wa dada, mkwe aliyeoa binti yake, baba yake, mwanawe. Wote nje. Yeyote aliyekulia kwenye ukoo mkubwa anaelewa kwa nini orodha ni ndefu hivyo. Fedha ya umma ikipotea mikononi mwa mtu, haikawii kumrudisha madarakani kwa jina la shemeji.

Na aliyechaguliwa hakukaa sana. Muda wake ulikuwa siku 360, kisha alipumzika miaka mitatu kabla jina lake halijarudi chunguni. Akikutwa na kosa katikati ya muda, aliondolewa papo hapo.

Kati ya hao 30, watu 12 wenye umri na elimu zaidi, waliokwisha kutumikia kamati nyingine, waliingia kamati ya mwaka. Wengine 12 walisimamia bustani, na sita wakapewa malambo. Zilikuwapo pia kamati zilizoteuliwa kwa njia hiyohiyo, mojawapo ikishughulikia dhahabu. Kamati ya malambo ndiyo inayotueleza vizuri zaidi kwa nini mambo haya yalichukuliwa kwa uzito. Mvua za nchi ile huja kwa msimu, kisha hukatika. Maji yasipokingwa kwenye lambo, na lambo lisipozolewa tope, hakuna mpunga. Pasipo mpunga hakuna kodi, na pasipo kodi hakuna jeshi la kuvuka bahari wala hekalu la Thanjavur. Mfalme hakuweza kusimamia tope la kila lambo akiwa mbali. Alihitaji watu wa palepale, wanaoaminiana kiasi cha kutosha kuchota tope pamoja.

Hata hivyo hakuwaacha peke yao. Maandishi yote mawili yanasema afisa wa mfalme aliketi na baraza, kwa amri ya mfalme, utaratibu ulipopitishwa. Na Wachola hawakulianzisha baraza la Uttiramerur. Eneo hilo lilikuwa chini ya wafalme wa Pallava kabla yao, na kijiji kilikuwa kimeshajifunza kujiendesha. Wachola waliikuta desturi, wakaona faida yake, wakaiwekea muhuri. Naiona hiyo kuwa busara ya utawala isiyosifiwa vya kutosha, kwa kuwa washindi wengi huanza kwa kuvunja.

Desemba 2020, Waziri Mkuu Narendra Modi alipoweka jiwe la msingi la jengo jipya la bunge mjini New Delhi, alikitaja kijiji hiki kama ushahidi kwamba demokrasia ya India ina mizizi mirefu. Mizizi ipo, ila tusiipambe kupita kiasi. Uttiramerur kilikuwa kijiji cha Mabrahmana, ardhi waliyopewa watu wa tabaka la makuhani. Mwanamke jina lake halikuingia chunguni. Wala la mkulima asiye na shamba, aliyekuwa akiinama kwenye matope ya mpunga wa wengine. Vijiji visivyo vya Mabrahmana vilikuwa na mabaraza yao, na wafanyabiashara wa mijini ya kwao, lakini huko nako aliyesikilizwa ni mwenye mali.

Sababu ya kuandika upya baada ya miaka miwili waliitaja wenyewe: waovu waangamie na wengine wastawi. Ina maana kati ya mwaka 919 na 921 kuna waliopata upenyo kwenye kanuni za kwanza, na baraza likakaa tena kuuziba. Ile orodha ndefu ya mashemeji na wakwe imo kwenye maandishi haya ya pili. Aliyeyaandika ni mpatanishi wa baraza, naye akaongeza mwishoni kwamba alikuwapo kikaoni na aliandika kwa amri ya waliokaa humo.