Subaru ikikaza kwenye kona, giaboksi haijafa

Fundi akisikia Forester ya otomatiki ya gia nne inakaza na kurukaruka unapokunja usukani wote kuingia maegesho, jibu limeshazoeleka: "Giaboksi imekwisha, tafuta ya mtumba." Familia nyingi zimetoa akiba yao kwa sababu ya sentensi hiyo, na mara nyingi haikuwa kweli.

Kwenye kona, tairi za nyuma hupita njia fupi kuliko za mbele, kwa hiyo hazizunguki sawa. Tofauti hiyo humezwa na seti ndogo ya klachi iliyoko mkiani mwa giaboksi, inayopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma, ambayo lazima iteleze kidogo. Ikigoma kuteleza, gari linajivuta lenyewe. Gia zenyewe huenda ni nzima kabisa.

Anza na tairi. Subaru hutaka mizingo ya tairi zote nne isipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma zinatosha kuichosha klachi hiyo kila kilomita. Kisha angalia oili ya giaboksi.

Forester za zamani zisizo na turbo zina kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD (kuendeshwa na tairi za mbele tu), chini ya boneti. Weka fyuzi, taa ya FWD iwake kwenye dashibodi, zunguka polepole. Kukaza kukiisha, klachi bado inaachia. Kukibaki, shuku solenoidi (vali ya umeme inayoiamuru klachi) au klachi yenyewe, na zote hufikiwa kwa kufungua mkia tu, giaboksi ikiwa bado garini.