Taa ya urujuanimno katika tangi la samaki: ni kitu gani na inafanya kazi gani

Taa ya urujuanimno, ambayo wauzaji na wafugaji wengi wa samaki wa mapambo huiita kwa kifupi taa ya UV, ni kifaa kinachopitisha maji ya tangi karibu na taa maalumu ili viumbe vidogo vinavyoelea ndani ya maji hayo vipigwe na mionzi na kupoteza uwezo wa kuzaana. Kwa umbo, ni bomba la plastiki lililozibwa pande zote, lenye mdomo mmoja wa kuingizia maji na mwingine wa kuyatolea. Katikati yake imelazwa taa nyembamba iliyovikwa ala ya kioo cha kwatsi, na pampu ndiyo inayoyasukuma maji yapite kati ya ala hiyo na ukuta wa bomba. Karibu kila jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulijua kuhusu kifaa hiki linatokana na umbo lake hilo: mionzi hukifikia kile tu kinachoelea na kupita mbele ya taa. Kilichoganda kwenye mawe, kilichojificha mchangani au kilichokwisha kuingia katika ngozi ya samaki hakiguswi.

Mionzi ya urujuanimno haionekani kwa macho, na wanasayansi huigawa katika makundi matatu kwa urefu wa mawimbi yake. Kundi linalohusika hapa ni UVC, yaani mionzi ya nanomita 100 hadi 280, ambayo hutoka kwenye jua lakini huzuiwa na angahewa isifike ardhini, na kwa hiyo viumbe vya majini havina mazoea nayo. Taa ya zebaki yenye mgandamizo mdogo hutoa sehemu kubwa ya mionzi yake katika nanomita 254, karibu kabisa na kiwango ambacho vinasaba hufyonza mionzi kwa wingi. Vinasaba vikishaifyonza, sehemu zake zilizo jirani hushikamana mahali zisipopaswa kushikamana, na seli iliyojeruhiwa hivyo hushindwa kujinakili. Kioo cha kawaida huizuia mionzi hiyo, na ndiyo sababu ala hutengenezwa kwa kwatsi. Ufundi wenyewe si mpya: Waingereza wawili, Downes na Blunt, walionyesha mwaka 1877 kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria kukua, na kufikia mwaka 1910 mji wa Marseille nchini Ufaransa ulikuwa umekwisha kujaribu taa za aina hii katika kutibu maji ya kunywa.

Dozi ndiyo dhana ambayo wengi huiruka, ilhali ndiyo inayoamua kama fedha imetumika vizuri. Dozi ni nguvu ya mionzi ikizidishwa kwa muda ambao kiumbe kimekaa mbele ya taa. Maji yakipita kwa kasi, muda hupungua na dozi hushuka, hata kama taa ni kubwa; yakipita polepole, taa ndogo huweza kufanya kazi nzito. Mwani wa kuelea hudhurika kwa dozi ndogo. Vimelea vyenye miili mikubwa zaidi, kama vile vinavyosababisha ugonjwa wa madoa meupe, huhitaji dozi kubwa mara kadhaa. Kwa hiyo kifaa kilichofungwa kwenye pampu yenye nguvu kwa ajili ya kung'arisha maji kinaweza kuyang'arisha kweli, na wakati huohuo vimelea vikapita salama salimini.

Hata hivyo kupunguza kasi kuna gharama yake, kwa sababu maji yaliyokwisha kupita kwenye taa hurudi katika tangi lilelile na kuchanganyika na yale ambayo hayajapita. Chukua tangi la lita 200 na pampu inayopitisha lita 200 kwa saa. Mtu angedhani kwamba baada ya saa moja maji yote yamekwisha kupigwa mionzi, kumbe, ikiwa yanachanganyika vizuri, ni takriban asilimia 63 tu ya maji iliyopita angalau mara moja. Baada ya saa tatu ni asilimia 95 hivi, na baada ya saa tano ni asilimia 99. Asilimia mia kamili haipatikani kamwe. Katika muda huohuo mwani uliobaki unaendelea kuzaana, kwa hiyo swali la haki si kama taa inaua, bali kama inaua upesi kuliko adui anavyoongezeka. Kwa maji ya kijani jibu kwa kawaida ni ndiyo, na mwenye tangi huona mabadiliko ndani ya siku chache.

Maji ya kijani ndiyo malalamiko yanayosikika mara kwa mara kwa wafugaji wa Mwanza, na hilo halishangazi. Jua letu ni kali mwaka mzima, maji hayapoi sana, na wapo wanaochota maji moja kwa moja ziwani, ambako mwani umeongezeka kwa miongo kadhaa kutokana na mbolea, majitaka na udongo unaosombwa na mito. Tangi lililowekwa karibu na dirisha linaloelekea jua na kulishwa kupita kiasi litageuka kijani tu, na taa itaupunguza mwani huo bila kugusa kilichouleta. Ukiizima baada ya mwezi, kijani hurudi. Kwa maoni yangu, mtu aanze kwa kulihamisha tangi, kupunguza chakula na kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Akishafanya hayo na maji yakakataa kutakata, hapo taa itakuwa na maana.

Kwa anayefuga furu, wale samaki wadogo wa ziwani, maji maangavu yana faida nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliohusu furu wa Ziwa Victoria, ulionyesha kwamba majike huwatambua madume wa aina yao kwa rangi, na kwamba mahali ambapo maji yamechafuka rangi hizo hufifia na aina zilizo karibu huanza kuchanganyika. Miongoni mwao yumo yule furu mwekundu wa kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza, aliyepewa mwaka 1985 jina la kisayansi la nyererei kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, na ambaye leo hufugwa katika matangi ya Ulaya na Marekani pengine kuliko hapa kwetu. Hata hivyo mwenye kuchanganya furu wa aina mbalimbali katika tangi moja asitegemee taa imlindie mbegu. Uangavu husaidia, lakini katika nafasi finyu samaki hupandana na yeyote aliyepo.

Kuhusu magonjwa, mfano wa madoa meupe unatosha. Kimelea chake hukua chini ya ngozi ya samaki, kisha hujiachia, huanguka chini, hujigawa na kutoa mamia ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki mwingine, na wasipompata katika muda wa siku moja au mbili hufa. Ni katika hatua hiyo ya mwisho peke yake ambapo taa inaweza kuwakamata, tena wale tu watakaovutwa na pampu kabla hawajampata samaki. Katika tangi dogo lenye samaki wengi, kimelea kina njia fupi zaidi ya kumfikia samaki kuliko ya kufika kwenye taa. Taa kwa hiyo hupunguza uzito wa maambukizi, haimtibu samaki aliyekwisha kuugua, na haichukui nafasi ya kuwatenga samaki wapya kwa wiki chache kabla ya kuwachanganya na wenzao.

Wapo wanaohofia kwamba mionzi itaua pia bakteria wema wanaobadilisha amonia kuwa naitriti na hatimaye naitreti. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwani bakteria hao huishi wamejishikiza kwenye sponji ya filta, kokoto na kuta za tangi. Isipokuwa unapomimina bakteria wa chupa katika tangi jipya, zima taa kwa siku kadhaa ili wapate kujishikiza. Taa haiondoi amonia wala naitreti, na mwani wa nyuzi unaoshika mawe huihesabu kama haipo.

Kwa sisi wa kando ya ziwa lipo jambo la kichocho. Maji na mimea ya ziwani huweza kuja na konokono pamoja na vimelea wanaopenya ngozi ya mtu anapoingiza mkono. Vimelea hao hufa ndani ya siku mbili hivi wasipompata mtu, lakini konokono aliyeambukizwa huendelea kutoa wengine kila siku, na taa haimfikii konokono. Anayetumia maji ya ziwa ayachuje na kuyaacha yatulie siku mbili au zaidi bila konokono wala mimea, kisha ndipo ayaingize tangini. Asiweke roho yake mikononi mwa taa.

Kifaa hufungwa baada ya filta, kwa sababu takataka zinazoelea hukinga vijidudu visipigwe na mionzi. Dawa za samaki zikitiwa majini taa izimwe, maana baadhi yake huvunjwavunjwa na mionzi. Ala ya kwatsi hupata utando na chokaa, hasa kwa maji ya kisima, na husafishwa kwa siki. Taa yenyewe hupoteza nguvu polepole, na watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya saa 8,000 hadi 9,000, yaani mwaka mmoja hivi wa kuwaka mfululizo. Mng'ao wa buluu unaouona si kipimo, kwa kuwa huendelea kuonekana hata mionzi yenye kazi ikiwa imedhoofu. Jihadhari pia na vitaa vya bei rahisi vyenye mwanga wa zambarau wa nanomita 395 au 405, ambavyo huuzwa kwa jina lilelile na havina UVC hata kidogo.

Umeme si mzigo. Taa ya wati 9 ikiwaka usiku na mchana hutumia takriban uniti 6.5 kwa mwezi, bila kuhesabu pampu. Tatizo ni kukatika na kurudi kwa kishindo, kunakoharibu balasti, yaani kifaa kinachoiendesha taa, kwa hiyo kilinda umeme ni cha lazima. Taa iunganishwe soketi moja na pampu yake ili isiwake maji yakiwa yamesimama, kwani maji hayo hupata joto ndani ya bomba. Na kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, mimi ningenunua kwanza pampu ya hewa ya betri, maana umeme ukikatika kwa saa nyingi samaki hukosa hewa kabla mwani haujawasumbua.

Usiiwashe kamwe ikiwa nje ya bomba lake ili kuona kama inafanya kazi. Mionzi hiyo huunguza macho na ngozi kwa muda mfupi, na maumivu ya macho, kama ya mchanga uliomwagwa ndani, huja saa kadhaa baadaye; wachomeleaji wa vyuma wanayajua vizuri. Chomoa kwanza, fungua baadaye. Taa iliyokwisha muda ina zebaki, kwa hiyo isivunjwe wala kutupwa mtaroni, kwa kuwa mitaro ya Mwanza huishia ziwani. Irudishe kwa muuzaji au umkabidhi anayekusanya taka za vifaa vya umeme, ikiwa imefungwa katika boksi lake.