Lami Mpya Haifuti Nyufa za Chini

"Nyufa si kitu, piga tu lami nyingine juu." Karibu kila mwenye barabara ya mtaa au maegesho anayeomba makadirio huanza hivyo, na ndiyo kauli inayopoteza fedha kuliko zote.

Tabaka jipya hulala juu ya la zamani na kucheza pamoja nalo. Ufa wa chini ukipanuka na kufumba kwa joto na baridi, au kingo zake zikinesa gurudumu linapopita, lami ya juu huvutwa mpaka ipasuke palepale. Kuongeza unene kunachelewesha ufa, hakuuzuii. Kwa makisio ya kazini, ufa hupanda kama mm 25 kwa mwaka. Basi tabaka la mm 40 lisikupe matumaini ya miaka kumi.

Kwanza tofautisha nyufa. Ufa mmoja mrefu, au nyufa zinazogawa uso katika vipande vikubwa vya mraba, mara nyingi ni lami iliyozeeka na kukakamaa. Hapo tabaka jipya linafaa. Zilizofikia upana wa mm 6 zipulizwe kwa hewa mpaka vumbi litoke, zijazwe lami yenye mpira, ibaki chini kidogo ya uso. Ikifurika, joto la lami mpya litaivimbisha na rola itakuachia nundu. Fanya hivyo miezi kadhaa kabla.

Nyufa za ngozi ya mamba, zile ndogondogo zilizoungana kama magamba, ni habari nyingine: msingi umekwisha, kwa kawaida kwa sababu ya maji. Chuchumaa uangalie. Ukikuta unga laini wa rangi ya udongo umeganda kandokando ya nyufa, kila gurudumu linakamua maji na kupandisha tope. Pitisha lori lililopakia, polepole, ukitazama nyuma ya tairi. Panaponesa pakatwe kwa msumeno, sm 30 nje ya sehemu bovu. Chimba hadi udongo mgumu, yatengenezee maji njia ya kutoka, rudisha kokoto ukishindilia kwa tabaka zisizozidi sm 15, ndipo uweke lami. Sehemu hizo zikifika robo ya eneo, sishauri tena tabaka la juu. Jenga upya.

"Ni magari madogo, sm 2 zinatosha." Hazitoshi. Kokoto kubwa ikiwa mm 12.5, unene ulioshindiliwa uwe angalau mara tatu yake, karibu mm 40. Tabaka jembamba hupoa upesi, na likishuka chini ya nyuzi 80 hivi za Selsiasi rola haibani tena. Matundu hubaki, maji huingia. Tena kuna lori la taka: uharibifu hukua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, hivyo ekseli nzito mara 10 huumiza kama mara 10,000. Njia yake iongezewe unene.

"Mchanganyiko wa barabara kuu ndio bora." Penye magari machache lami huuawa na jua na hewa. Omba kokoto ndogo na bitumeni, ile gundi nyeusi inayoshika kokoto, zaidi kidogo.

"Lami ya kunatisha ikiwa nyingi inashika zaidi." Hii ni lami ya majimaji inayopakwa juu ya uso wa zamani ili tabaka jipya lishike. Ikizidi, tabaka huteleza magari yanapofunga breki na kukata kona. Paka nyembamba juu ya uso uliofagiwa, subiri kahawia igeuke nyeusi.

"Mabonde yatajazwa na lami hiyohiyo." Penye kina lami hushuka zaidi ikishindiliwa, na bonde hurudi. Lisawazishe kwanza kwa tabaka lake, ukilenga mteremko wa sm 2 kwa mita. Kando ya mfereji, kwangua lami ya zamani kwa kina cha tabaka jipya, la sivyo utaufukia.